Je, Wajua? Farasi Ndio Waliotangulia

Njia ya baiskeli kando ya mto Danube, kutoka Passau nchini Ujerumani hadi Vienna, mji mkuu wa Austria, haikuanza na baiskeli. Sehemu kubwa ilikuwa njia ya farasi. Kabla ya meli za mvuke, makumi ya farasi walifungwa kamba nene, wakakokota mashua za mizigo kuzipandisha dhidi ya mkondo.

Ndiyo maana ni tambarare. Kwa karibu kilomita 300, bonde linashuka mita 130 hivi tu. Watalii wengi huelekea mashariki, sambamba na maji, na hata babu mwenye goti bovu anaimudu.

Vibao vya kilomita vya mto, navyo, huhesabu kinyume: sifuri iko Sulina, Romania, kwenye Bahari Nyeusi. Passau ni karibu 2,225, Vienna, 1,929.

Njiani, mahali paitwapo Schlögen, mto unakata kona ya karibu nyuzi 180. Kwenye ukingo wa kaskazini, msitu na mteremko mkali hukata njia kabisa. Baiskeli hupakiwa kwenye kivuko kidogo, kinachokwenda kwa kufuata mto badala ya kuuvuka.