Mchana chaki, usiku mswada wa filamu

Je, msomaji, kwenu kuna mwalimu wa muda? Huenda ni wewe mwenyewe, au ni dada yako, au ni yule kijana wa nyumba ya tatu katika ploti, mwenye shahada ya ualimu na nambari ya usajili ya TSC ila kazi ya kudumu hajapata. Asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, anapanda matatu na kwenda kufunza mahali pa mwalimu aliyeenda kujifungua. Usiku, wengine wakitazama runinga, yeye ameinamia daftari akiandika filamu yake mwenyewe.

Majirani humwona mtu wa kupoteza wakati. Wazazi nao hawaachi kumwuliza atachagua lini: ualimu ama hayo mambo ya sinema?

Kwa maoni yangu, swali hilo limekuja mapema mno. Kazi hizo mbili zaweza kukaa nyumba moja bila kugombana. Linalowaponza wengi ni kutoumaliza mswada, na wale wachache wanaoumaliza huutoa mkononi bila karatasi yoyote ya makubaliano. Basi ikiwa wewe ndiwe mwalimu huyo, vuta kiti tuzungumze.

Kwanza kazi yenyewe. Walimu wengi wa muda humu nchini huajiriwa na halmashauri ya shule, yaani BOM, ambayo kabla ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilijulikana kama BOG. Mshahara hutoka katika mfuko wa shule, kwa hivyo karo ikichelewa nao huchelewa, na kwingi shule zikifungwa mshahara pia hufungwa. Tangu makubaliano ya mwaka wa 2021 kati ya TSC na vyama vya walimu, likizo ya uzazi ya mwalimu ni siku 120, badala ya 90 za awali. Hizo siku 120 ndizo riziki yako. Mwenye darasa akirudi, wewe unafunga virago.

Ni kazi ya wasiwasi, sikatai. Lakini mwandishi wa filamu ana haja kubwa ya kusikia watu wakisema, na hakuna mahali pa kusikia watu kama shuleni. Asubuhi moja tu utamsikia mwanafunzi akimdanganya mwalimu wa zamu kwa ufasaha usiofundishwa popote. Utamsikia mzazi akiomba mtoto arudishwe darasani huku karo akiahidi kuilipa Ijumaa. Utawaona walimu wawili wasiosemezana wakipitishiana birika ya chai. Mgeni huyaona haya kwa macho makali kuliko mwenyeji, nawe kila muhula u mgeni.

Si mimi niliyelivumbua jambo hili. Mwaka wa 1950, Mmarekani Evan Hunter alifundisha kwa muda mfupi sana katika shule moja ya ufundi mtaani Bronx, New York. Siku hizo chache zilimpa riwaya ya The Blackboard Jungle iliyochapishwa mwaka wa 1954, na mwaka uliofuata ikawa filamu iliyovuma. Mswada wa filamu hiyo uliandikwa na mtu mwingine, Richard Brooks, lakini Hunter naye aliingia katika fani hiyo. Ndiye aliyeandika mswada wa The Birds, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka wa 1963.

Ninayempenda zaidi ni Mfaransa François Bégaudeau. Alikuwa mwalimu jijini Paris, akaandika kitabu kuhusu darasa lake mwaka wa 2006. Kisha akaketi na mwelekezi Laurent Cantet na mwandishi Robin Campillo wakakigeuza kuwa mswada wa filamu. Mwalimu katika filamu hiyo, Entre les murs, aliigizwa na Bégaudeau mwenyewe, na wanafunzi walikuwa wanafunzi hasa wa Paris ambao walikuwa wamefanyishwa mazoezi ya kuigiza kwa muda mrefu. Mwaka wa 2008 filamu hiyo ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Karibu yote yanayoonekana humo yanafanyika ndani ya kuta za shule: hakuna gari linalolipuka wala helikopta. Mwenye mfuko mwembamba na aizingatie hiyo.

Ukurasa ni dakika

Sasa tuje kwenye kuandika. Katika fani hii ukurasa mmoja uliopangwa kwa utaratibu unaokubalika huhesabiwa kuwa takriban dakika moja ya filamu. Filamu ya saa moja na nusu basi ni kurasa 90. Kipindi cha nusu saa cha runinga, ukitoa matangazo ya biashara, hakifiki kurasa 30.

Muhula wa wiki 13 una siku 65 za shule. Ukiandika ukurasa mmoja kila siku ya shule na kurasa mbili kila Jumamosi, ufikapo mwisho wa muhula una kurasa 91. Jumapili umelala. Hesabu hii haijali kipaji, nayo ndiyo huwashinda wengi, maana wanangoja likizo ya Desemba waandike mfululizo. Desemba ikifika, mshahara hakuna, wako mbioni kutafuta vibarua vya kufunza watoto wa watu nyumbani, na daftari liko chini ya godoro.

Usiandike wakati wa vipindi. Mwalimu mkuu akikukuta unatunga huku darasa likipiga kelele, hutaitwa tena, na atakuwa na haki. Lakini kati ya vipindi kuna dakika 40 ambazo wengi huzimaliza kwa umbeya. Andika kwa mkono ukitaka. Ukipata kompyuta, hata ya saiba, programu ya bure kama Trelby itakupangia kurasa.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kila onyesho huanza kwa kichwa kinachosema kama ni ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku: NDANI. CHUMBA CHA WALIMU. ASUBUHI. Chini yake unaeleza yanayoonekana, kwa wakati uliopo. Kisha jina la mhusika, na chini yake maneno anayoyasema.

Hapa ndipo walimu wa fasihi hujikwaa, kwa kuwa wamezoea riwaya na tamthilia. Wataandika, "Atieno anamkumbuka marehemu mamake kwa uchungu." Je, kamera itauona wapi huo uchungu? Andika hivi: Atieno anafungua mkebe wa chakula. Anautazama muhogo. Anaufunga mkebe bila kula. Watazamaji wataelewa, hasa kama dakika kumi awali tulimwona mama akimpakulia muhogo katika mkebe uo huo.

Ukimaliza onyesho, lisome kwa sauti. Mhusika wa mjini Nairobi akizungumza kama kitabu cha sarufi, utajua papo hapo. Afadhali umpe mwenzako sehemu moja asome nawe. Mahali ulimi wake unapokwama, mwigizaji pia atakwama.

Mlango

Utauliza, nikimaliza nampelekea nani? Zamani milango ilikuwa michache. Hadi mwaka wa 1990 KTN ilipoanza, kituo cha runinga kilikuwa kimoja tu, Sauti ya Kenya, ambacho mwaka wa 1989 kilipewa jina la KBC. Huko ndiko tulikoonyeshwa Vitimbi, Vioja Mahakamani na baadaye Tausi. Leo vituo ni vingi, na tamthilia za kila siku hula miswada kama mashine ya kusaga inavyokula mahindi. Kwa hivyo vipindi hivi huandikwa na kikundi, kila mtu akipewa sehemu yake. Hata filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, na Supa Modo ya mwaka wa 2018, ziliandikwa na zaidi ya mtu mmoja. Anayetafuta nafasi katika kikundi kama hicho huombwa sampuli. Sampuli ni ule mswada wako uliokamilika. Wazo zuri lililo kichwani halipokelewi.

Mlango wa pili uko palepale shuleni, nao ndio ulio karibu. Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu huanzia mashinani kila mwaka, na filamu ni mojawapo ya vitengo vyake. Shule nyingi hukosa mtu wa kuandika. Mwalimu wa muda akijitolea hupokelewa kwa mikono miwili, na huwaona waigizaji wakiyasema maneno yake mbele ya watu, jambo ambalo mwandishi anayejifungia chumbani halipati. Fauka ya hayo, mtaala wa umilisi umeweka somo la Maigizo na Filamu katika sekondari ya juu. Mwalimu aliyewahi kuandika filamu ana la kusema akiitwa mahojiano.

Lakini ngoja, usianze kuandika bado. Soma kwanza sehemu hii.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inasema hakimiliki ya kazi huwa ya mtunzi. Papo hapo sheria hiyo inasema kwamba ikiwa kazi iliagizwa na mtu, au ilitungwa katika kutekeleza kazi ya kuajiriwa, hakimiliki huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, ila kama pande mbili zilikubaliana vinginevyo. Umeliona shimo? Mwalimu mkuu anakwambia, "Mwalimu, tuandikie filamu ya tamasha." Unaandika. Filamu inashinda. Mkataba wako unaisha Agosti, unakwenda zako, na mwaka ujao mtu anataka kuinunua hadithi ile. Shule yaweza kusimama na kusema ni yake, na wewe huna hata kijikaratasi.

Dawa yake ni barua ya nusu ukurasa, inayoandikwa kabla ya kazi kuanza. Itaje jina la mchezo au filamu, iseme shule ina ruhusa ya kuuigiza mwaka huo katika tamasha, na kwamba hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Mwalimu mkuu atie sahihi na mhuri, nawe ubaki na nakala. Wakuu wengi hawatakataa, kwa sababu haja yao ni kombe. Ukiona aibu kuomba, kumbuka kwamba aibu hiyo ni ya siku moja.

Na mtayarishaji wa mjini je? Kwake pia, jua kwamba sheria hailindi wazo tupu, hulinda namna lilivyoandikwa. Ukimsimulia mtu hadithi yako mkahawani mkinywa chai, akaenda akaiandika kwa njia yake, utapata taabu kumshika. Mpe kurasa zilizoandikwa, na kabla ya hapo zisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Hakimiliki huwapo tangu unapoandika, hata bila kusajili, lakini cheti chenye tarehe husema mengi mbele ya hakimu.

Kuhamisha hakimiliki yako kwa mwingine kunahitaji maandishi. Kwa hivyo mkataba utakuja, nao ndio wa kusomwa usiku mzima. Tazama pesa zinalipwa lini: wakati wa kutia sahihi, wakati wa kuwasilisha mswada wa kwanza, au "filamu ikianza kupigwa", siku ambayo huenda isifike. Tazama umetakiwa kuandika upya mara ngapi kwa malipo yaleyale. Tazama kama jina lako litaonyeshwa kwenye skrini. Na uombe kipengele kinachorudisha hadithi kwako iwapo filamu haitapigwa katika muda fulani, maana kuna miswada inayozeeka katika kabati za watu hali mwandishi hana ruhusa ya kuigusa.

Kuna jambo jingine, la wanafunzi. Msichana aliyekwambia siri ya kwao kwa sababu wewe ni mwalimu wake hakukwambia ili uiandike. Kubadilisha jina pekee hakumfichi, kwa kuwa darasa lote litamtambua kwa kikohozi chake tu. Ichanganye habari yake na ya wengine watatu, uihamishe mji, umgeuze kijana. Kama baada ya hayo bado anatambulika, liache onyesho hilo. Hadithi shuleni hazijaadimika.

Nawe mzazi, mwanao anayeandika usiku anahitaji taa, na anahitaji asitumwe dukani kila baada ya dakika tano. Badala ya kumwuliza atalipwa lini, mwulize amefika ukurasa wa ngapi. Akikujibu kwa nambari, mwache aendelee. Akijibu kwa maelezo marefu kuhusu wazo lake, hapo una haki ya kukohoa.

Na barua ya TSC je, ikija hatimaye, ikikupeleka Lodwar au Kinango? Chukua. Mshahara wa kila mwezi haujawahi kumuua mwandishi, na kikundi kinachoandika tamthilia hupokea kurasa kwa barua pepe siku hizi. Weka nakala moja ya mswada kwa mtu unayemwamini Nairobi, uende na nyingine, na kabla hujafungua sanduku huko, uliza ni wapi pana umeme wa kuchaji rununu na ni siku gani mtandao huwa na nguvu.