Uaskari wa Polisi ni Amana

Katika nyumba zetu nyingi, kijana akimwambia mzazi wake kwamba ataka kuwa askari wa polisi, hupata jibu moja kati ya mawili. Mzazi mmoja hufurahi kwa ajili ya mshahara. Mwingine hukunja uso kwa ajili ya sifa mbaya ya kazi hiyo. Lakini wote wawili aghalabu hawajui mtoto wao atafundishwa nini huko chuoni, wala hawajui apaswa kuwa na nini moyoni kabla ya kufika huko. Sisi twaona yafaa jambo hili lielezwe wazi. Askari wa kesho ndiye mtoto tunayemlea leo, na raia atakayekamatwa na askari huyo huenda akawa ndugu yetu.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba kazi hii haimwelekei Mwislamu. Katika Sahihi ya Bukhari twasoma habari za sahaba Qais bin Saad, ambaye mbele ya Mtume (s.a.w.) alikuwa na nafasi iliyofananishwa na ya mkuu wa askari mbele ya amiri. Baadaye, katika dola za Kiislamu, walikuwapo askari wa mji walioitwa shurta, na hata leo Waarabu huwaita polisi kwa jina hilo. Kulinda roho za watu na mali zao ni kazi njema. Swali kubwa ni nani anayeifanya, na kwa moyo gani.

Tuchukue mfano wa Kenya, ambako vijana wengi wa pwani na wa kaskazini huiomba kazi hii.

MAISHA YA KURUTU

Chuo mashuhuri cha polisi nchini humo kiko Kiganjo, katika wilaya ya zamani ya Nyeri, ambayo sasa ni kaunti, si mbali na Mlima Kenya. Huko hufundishwa makurutu watakaokuwa makonstebo, na pia makadeti, yaani vijana wenye shahada za chuo kikuu ambao hutoka wakiwa na cheo cha inspekta. Kijana aliyekulia Lamu au Mombasa, mahali ambapo mtu hulala madirisha wazi kwa joto, hukutana Kiganjo na baridi ya milimani ambayo hajapata kuijua. Huo ndio mtihani wake wa kwanza.

Kurutu huamka kabla ya jua kuchomoza. Kwa kijana aliyezoea kuitikia adhana ya Alfajiri jambo hili si geni. Kwa yule aliyezoea kuvutwa shuka na mama yake, siku za kwanza huwa ni msiba. Hutandika kitanda chake, hufagia, hung'arisha buti, hupiga pasi nguo, kisha hukimbia. Mbio ni sehemu kubwa ya maisha ya Kiganjo. Mwanariadha Kipchoge Keino, aliyeipatia Kenya nishani ya dhahabu katika mbio za mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, na nyingine katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 huko Munich mwaka 1972, alikuwa askari wa polisi na mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chuo hicho.

Baada ya mbio huja gwaride. Watu wengi hudhani gwaride ni pambo la sikukuu tu, askari watembee sawasawa na wakubwa wapate kutazama. Sivyo. Kurutu husimama juani bila kutikisika. Nzi akimtua puani, hamfukuzi. Mwalimu akimfokea, hajibu. Kidogo kidogo mwili wake hujifunza kutofuata kila linalotamaniwa na nafsi. Mtu asiyeweza kumvumilia nzi puani, atalivumiliaje tusi la mlevi sokoni, ilhali mkononi ana rungu na kiunoni ana bastola? Mwenye kufunga Ramadhani atalifahamu somo hili upesi, kwa kuwa naye hujizuia na chakula kilicho chake, kilicho mbele yake, wala hapana amwonaye isipokuwa Mwenyezi Mungu.

MAFUNZO YA DARASANI

Baada ya uwanja huja darasa, na hapa ndipo wengi waliotegemea nguvu za miguu huanza kutoka jasho. Kurutu husoma sheria ya jinai, sheria ya ushahidi, namna ya kuandika maelezo ya shahidi, namna ya kulinda mahali palipotendeka uhalifu ili alama zisiharibiwe, na huduma ya kwanza kwa majeruhi. Hujifunza pia kulenga shabaha na kuitunza bunduki.

Lakini somo lililo kubwa kuliko yote ni mipaka ya mamlaka yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, yasema kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe upesi, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Kwamba ana haki ya kunyamaza. Na kwamba afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala isipite saa 24, isipokuwa muda huo ukimalizikia wakati ambapo mahakama haziketi. Kifungu cha 244 chataka polisi wafundishwe kuwa hodari na waadilifu, na kuheshimu haki za watu na utu wao.

Tena iko Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Katika Jedwali lake la Sita, askari ameamriwa kutumia kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu itumike pale tu njia hizo zinaposhindwa, kwa kadiri ya haja. Akimjeruhi mtu, ampatie tiba na jamaa zake wajulishwe. Aliyevaa sare aonyeshe wazi jina lake au nambari yake. Na limo jambo moja ambalo kila kurutu yafaa alihifadhi kama anavyohifadhi nambari yake ya kazi: amri ya mkubwa haiwi udhuru kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria.

Tazameni hekima ya jambo hili. Uwanjani kurutu hufundishwa kutii neno mara moja. Darasani hufundishwa kwamba utii una mpaka. Nasi Waislamu twalijua hilo tangu zamani, kwani dini yetu haimruhusu mtu kumtii kiumbe katika kumwasi Muumba. Kijana aliyelijua fundisho hili nyumbani hatashangaa kulikuta chuoni.

Wanavyuoni wamepokea kisa cha Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.), aliyekuwa na desturi ya kuzunguka Madina usiku ili ajue hali za watu. Usiku mmoja alisikia sauti ya mtu ndani ya nyumba, akaparamia ukuta, akamkuta mwenye nyumba katika maasi. Mtu yule akamwambia kwamba ikiwa yeye amekosa moja, basi Amiri wa Waumini amekosa matatu: amepeleleza, na Mwenyezi Mungu amekataza upelelezi, ameingia kwa ukuta, na nyumba huingiliwa milangoni, tena ameingia bila ya kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar, kwa ukuu wake wote, hakughadhibika. Alimwuliza kama atatengenea akisamehewa. Yule akakubali, naye Khalifa akaondoka. Kama Umar aliwekewa mpaka na mlango wa raia, ni nani huyo askari wa leo asiyekuwa na mpaka?

Mafunzo haya yasipoingia moyoni, hasara yake huwa kubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na zaidi ya 400 katika hao walikufa kwa risasi. Ndipo mwaka 2009 ikaundwa kamati chini ya jaji mstaafu Philip Ransley kutazama namna ya kuwatengeneza polisi, na mafunzo yao yakawa miongoni mwa mambo iliyotaka yabadilishwe. Hata hivyo, katika maandamano ya kuupinga Mswada wa Fedha mwezi wa Juni na Julai 2024, makumi ya watu waliuawa tena. Sheria ilikuwapo, na vyuo vilikuwapo. Basi hapana shaka kwamba kuisoma sheria ni jambo moja, na kuikumbuka wakati wa ghadhabu ni jambo jingine.

AMANA HUANZIA LANGONI

Wengi hufikiri kwamba askari huharibika akiwa kazini, kwa kukaa barabarani na kupokea vijisenti vya madereva. Sisi twasema, wengine huharibika siku ile ya kuandikishwa.

Matangazo ya uandikishaji wa makonstebo ya miaka ya karibuni yametaka kijana awe raia wa Kenya, mwenye umri wa miaka 18 hadi 28, aliyepata alama ya wastani ya D+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Mwanamume awe na urefu wa futi 5 na inchi 8, na mwanamke futi 5 na inchi 3. Vijana hujaa uwanjani tangu alfajiri, wamebeba vyeti vyao. Hupimwa urefu, hukimbizwa, hutazamwa meno na viungo. Nafasi ni chache na watu ni wengi. Hapo ndipo hutokea mtu akamnong'oneza mzazi kwamba yuko bwana fulani, na kwamba pakipatikana kiasi fulani cha fedha mambo yatakwenda vizuri. Mzazi huuza ng'ombe, au shamba, au mikufu ya mama, akajiona kuwa amemtendea mwanawe hisani.

Mwezi wa Julai 2014 waliandikishwa vijana wapatao 10,000 kwa siku moja. Malalamiko ya rushwa na upendeleo yakawa mengi, hata Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ikaenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikaubatilisha uandikishaji. Kisha, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Katika uchungu wa msiba ule Rais akaamuru wale 10,000 waende mafunzoni kwa haraka. Hata hivyo Mahakama ya Rufani, mwezi wa Mei 2015, iliithibitisha hukumu ya kwanza. Nchi ilikuwa na haja kubwa ya askari. Lakini haja haikuufanya uandikishaji mbovu kuwa mwema. Nao vijana waliochaguliwa kwa haki siku ile waliumia pamoja na wale walionunua nafasi.

Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kupokea. Mzazi anayetoa asijidanganye kwamba dhambi ni ya yule bwana peke yake. Na afikiri tena: kijana aliyeinunua sare yake kwa bei ya shamba, ataanza kazi na nia gani? Bila shaka atataka kulirudisha lile shamba, na watakaolilipa ni mama wauza samaki na vijana wa bodaboda. Walimu wa Kiganjo wamnyoshe mgongo kwa gwaride wapendavyo. Moyo uliopinda langoni hawatauona.

WAJIBU WA NYUMBA ZETU

Basi yatupasa nini? Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoezwa kusema kweli hata ikimdhuru, kurudisha chenji ya dukani mpaka senti ya mwisho, na kutompiga mdogo wake kwa kuwa ana nguvu, huyo ameanza mafunzo yake ya upolisi kabla ya kuvaa buti. Kurani Tukufu yatufundisha tuichunguze habari kabla ya kuitenda, na chuki yetu juu ya watu isitutoe katika uadilifu. Hakuna askari asiyeyahitaji mambo mawili hayo kila siku.

Wazazi wengine huogopa juu ya dini ya mtoto. Hofu hiyo ina heshima yake, lakini isiwe ya kufunga mlango. Kifungu cha 32 cha Katiba kimekataza mtu kunyimwa kazi au nafasi chuoni kwa sababu ya imani yake. Kijana na ajifunze hukumu za sala za safarini na za wakati wa dhiki kabla ya kuondoka, awaulize mashehe juu ya funga katika siku za mazoezi mazito, na ahoji habari za chakula kwa adabu. Wenye binti wanaotaka kazi hii waulize mapema habari za mavazi. Polisi wa Scotland na polisi wa taifa wa Kanada, wote katika mwaka 2016, waliikubali hijabu kuwa sehemu ya sare kwa anayeitaka. Haki hazipatikani kwa kunung'unika nyumbani. Huombwa kwa hoja.

Tena tusisahau kwamba watu wetu wenyewe ndio wanaolalamika, pwani na kaskazini, kwamba askari hawawafahamu, hawajui lugha zao wala heshima ya nyumba zao. Watafahamiwaje ikiwa vijana wao wema wanaikimbia kazi hiyo na kuwaachia wengine?

Ewe kijana, ukienda, nenda kwa miguu yako na vyeti vyako. Ukikataliwa kwa haki, rudi nyumbani kichwa juu, riziki yako haikuandikwa mlango mmoja. Ukikubaliwa, jua kwamba cheo ni dhamana. Siku utakapotoka katika gwaride la kuhitimu, wazee wako wakikutazama, utakuwa umekabidhiwa usalama wa watu usiowajua, na hao ndio watakaokushtaki au kukushuhudia mema mbele ya Mwenye kujua yaliyofichika vifuani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu nguvu za mwili na uadilifu wa moyo, na awalinde wao pamoja na wale watakaowalinda. Amin.