Fimbo ya ndoana inavunjika kila mara: ubadili fimbo au mshipi?

Simiyu inasifika kwa pamba na ng'ombe, lakini Busega ni wilaya yake inayogusa Ziwa Victoria, na kwa mkazi wa Kiloleli kitoweo cha sato hakitoki mbali. Anayevua kwa ajili ya nyumbani hununua ndoana, mshipi na vipande vya risasi. Fimbo anajikatia. Kwa kuwa hailipii, ikivunjika hapigi hesabu. Anarudi kwenye matete na kukata nyingine, kisha nyingine.

Nionavyo mimi, fimbo nyingi za nyumbani zinauawa na mshipi. Sato anayeruhusiwa kuvuliwa anaanzia urefu wa sentimita 25, na samaki wa kimo hicho hafiki hata nusu kilo. Sangara wa sentimita 50, ambacho ndicho kimo chake cha chini kisheria, ana kama kilo moja na nusu. Sasa nenda kaangalie mshipi uliofungwa kwenye ufito: mara nyingi ni nailoni nene ya milimita 0.4 au zaidi, yenye uwezo wa kubeba kilo 8 hadi 10 kabla ya kukatika. Mtu anaununua akiamini unene ni usalama. Ndoana ikinasa kwenye jiwe au mzizi wa mafunjo, akavuta kwa hasira, lazima kitu kimoja kikubali kushindwa. Mshipi haukubali. Inavunjika fimbo.

Kwa hiyo kabla hujatupa vipande, vitazame. Ufa ukiwa karibu na ncha, kosa ni la mshipi mnene au la mkono. Wengi wetu samaki akishika tunainua fimbo mpaka isimame wima, tena tunamnyanyua samaki hewani. Fimbo ikisimama hivyo, mzigo wote unakaliwa na sehemu nyembamba ya juu, wakati shina nene halifanyi kazi yoyote. Na wembamba una adhabu kubwa: kijiti chenye nusu ya unene wa mwenzake kina sehemu moja tu kati ya nane ya nguvu zake za kuhimili kupindwa. Mburute samaki hadi ukingoni, umshike kwa mkono au kwa kijavu chenye mpini.

Ikivunjika kwenye kiungo, pale ulipochomeka kipande chembamba ndani ya kinene, tatizo ni kwamba kigumu kimekutana na laini ghafla. Chomeko fupi la vidole viwili halitoshi. Liwe refu angalau la shubiri moja, kisha nje ufunge uzi wa kushonea viatu, mizunguko ikae bega kwa bega, upake gundi. Waya naukataa. Unakata nyuzi za mwanzi, unashika kutu, na kutu hiyo inakula mshipi. Msumari ni mbaya zaidi: tundu lake ndipo ufa unapoanzia.

Ikipasuka kwa urefu, fimbo ilikaushwa juani. Na ikivunjika kavu, ndani ukakuta unga mwembamba kama wa muhogo, imebunguliwa na wadudu wanaofuata wanga ulio ndani ya mwanzi mchanga.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Tete halina gharama na ni jepesi, linafaa mtoto anayevua furu kwa chambo cha minyoo, basi. Ufito wa mkole ni habari nyingine: mti huu hupendwa na wachonga pinde na bakora kwa sababu unapinda bila kukatika. Ubaya wake ni uzito. Ukiwa na mita tatu mkononi tangu alfajiri, bega litakuambia. Mwanzi uko katikati, na kwa anayevua sato kutoka ukingoni ndio ninaoupendekeza, ila si mwanzi wowote. Chagua uliokomaa miaka mitatu au zaidi: umekwisha kupukutisha maganda yake, rangi imefifia, una madoa ya kijivu, na ukiugonga unalia. Loweka majini wiki mbili hivi, kausha kivulini ukiwa umelala sawasawa. Usiumenye kwa kisu ili ung'ae. Nyuzi zenye nguvu zimesongamana kwenye ngozi ya nje. Mafundi wa Marekani wa karne ya 19, akiwemo Hiram Leonard, walipopasua mianzi na kugundisha vipande sita kuwa fimbo moja, walikwangua upande wa ndani, ngozi wakaiacha.

Mshipi wa mkono bila fimbo ndio rahisi kuliko vyote, na mwenye mtumbwi anayemtafuta sangara mkubwa hahitaji kingine. Kwa anayesimama ukingoni, hasara yake ni kwamba unamvuta kuingia majini ili afike mbali, na maji ya kina kifupi yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Urefu wa fimbo unakuacha pakavu. Hiyo peke yake inatosha kulipia mwanzi.

Fimbo ya dukani, ile inayochomoka kama antena ya redio, huwa ya faibaglasi au kaboni. Faibaglasi inavumilia kugongwa. Kaboni ni nyepesi na kali, lakini ikikwaruzwa na jiwe inaweza kukatika siku nyingine bila onyo, na inapitisha umeme. Kwenye ziwa lenye radi kama hili letu, wingu likianza kunguruma ilaze chini uondoke.

Kuhusu hela, tarakimu hizi ni za mfano, weka bei za sokoni kwako. Tuseme kila tete likivunjika linaondoka na ndoana, risasi na kipande cha mshipi, jumla shilingi 1,500. Mara tatu kwa mwezi ni 4,500. Mwanzi wa 4,000 na uzi na gundi za 2,000 ukidumu miezi sita, ni 1,000 kwa mwezi. Fimbo ya dukani ya 40,000 ikidumu miaka miwili haifiki 1,700 kwa mwezi. Ikivunjika mwezi wa tatu, kila mwezi umekugharimu zaidi ya 13,000, na kipuri cha kipande kimoja hukipati kirahisi.

Vyovyote utakavyochagua, ipime kwanza. Funga mshipi kwenye ncha, mwisho wake ning'iniza kidumu, umimine maji kidogo kidogo. Lita moja ni kilo moja. Ncha ikipinda hadi kutazama chini, simama hapo, soma lita. Nunua mshipi usiozidi uzito huo, ukikumbuka kwamba fundo baya laweza kuupunguzia hata nusu ya nguvu. Kisha kati ya ncha na mshipi funga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, urefu wa kiganja. Wavuvi wa mitoni Uingereza na Italia huingiza mpira ndani ya ncha ya fimbo zao kwa kazi hiyohiyo, kumeza mtikisiko wa samaki anapochomoka. Wao wanaununua. Wewe muulize fundi baiskeli, tyubu zilizochoka anazo.