Maulizo Mengi, Betri Moja

Tuseme vihisio visivyo na nyaya vimesimikwa katika mashamba ya mpunga ya Bugarama, wilayani Rusizi, bonde lililo chini kuliko sehemu nyingine za Rwanda. Kila kihisio hupima kina cha maji, kisha hutuma kipimo kwa redio, kimoja kikikipasia kingine, hadi kwenye kompyuta. Nguvu yake ni betri tu, na redio ndiyo inayoila zaidi; kupima na kukokotoa hula kidogo.

Mgawa maji wa ushirika anataka kipimo kila dakika 10, na mtafiti kila dakika 15. Wakijibiwa mbalimbali, kihisio hutuma mara 6 na mara 4 kwa saa, jumla 10. Maulizo yakiunganishwa, dakika ya 0 na ya 30 hukutana, zabaki 8. Mtafiti akiridhia dakika 20, majibu yake yote yamo katika yale ya mwenzake: mara 6 tu, na kompyuta ndiyo inayogawa. Lakini amepoteza kipimo kimoja kila saa, hivyo ni lazima aulizwe kwanza.

TinyDB, programu ya Samuel Madden na wenzake wa Berkeley, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifanya vihisio viulizwe kama hifadhidata.

Tumesema ulizo, si swali. Swali hujibiwa likaisha; ulizo hili hukaa kihisioni likijibiwa mpaka lifutwe. Wengine husema hoja, neno ambalo darasani tayari lina kazi nyingine.