Mchele Mmoja, Mapishi Mengi: Kutoka Mlabani Hadi Bombay

Mgeni afikapo katika mji asioujua huuliza mambo mengi: ofisi ziko wapi, hospitali iko wapi, nyumba ya wageni iko wapi. Ni mara chache aulizapo lile ambalo lingempa majibu mengi kwa mara moja, nalo ni hili: watu wa kazi hula wapi? Sisi twaona kwamba mji husomeka vizuri zaidi penye moto wa jiko la kando ya njia kuliko penye kibao cha ofisi. Hapo ndipo utakapomjua nani ameamka mapema, nani amelipwa jana, nani anakula kwa mkopo, na bei ya mchele imepanda au imeshuka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, twakuomba uandamane nasi kuanzia Mlabani, mojawapo ya kata za mji wa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Tutafika hadi Bombay, jiji kubwa la Bara Hindi ambalo tangu mwaka 1995 huitwa Mumbai, kisha turudi nyumbani. Safari ni ndefu, lakini njia yake ni moja, nayo ni kikaango.

Saa kumi na moja alfajiri, jua bado halijachomoza, mama muuza vitumbua amekwisha kuwasha moto. Kazi yake haikuanza saa hiyo. Ilianza jana, alipoloweka mchele. Baadaye aliusaga, akautia hamira, sukari na iliki, na kama nazi ilipatikana akatia na tui. Kisha akauacha uumuke. Sasa auteka kwa upawa na kuumimina katika kikaango chenye vishimo, na kila kitumbua akigeuza kwa kijiti bila kukivunja. Wanunuzi wake wa kwanza ni wapakizi wa magunia, vijana wa bodaboda, wauguzi wanaokwenda kupokea zamu, na watoto wa shule wenye sarafu mkononi. Hakuna aliye na muda wa kungoja meza ipangwe. Kila mmoja huchukua vyake katika karatasi na kushika njia.

Kitumbua kile ni bonde lote la Kilombero lililotiwa mkononi. Mpunga wake umepandwa katika tope za mvua, ukapaliliwa kwa mgongo ulioinama, ukalindwa na ndege, ukavunwa maji yalipoanza kupungua. Nyuma yake ipo pia kazi ya wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ifakara, kilichojulikana zamani kwa jina la KATRIN, na mbegu kama ile iitwayo SARO 5 ambayo wakulima wengi wameipokea. Mchele wa Kilombero husifiwa Dar es Salaam na kwingineko, nao huuzwa kwa jina la nyumbani kwake. Lakini kabla haujapanda lori kwenda kusifiwa, umekwisha kumshibisha mtu wa Mlabani.

Saa nne hufika zamu ya chapati na maharage. Adhuhuri ni wali kwa perege au kambale aliyevuliwa katika mto Kilombero na vijito vyake. Wandamba, wavuvi hodari wa bonde hili, wameujua mto huo na mitumbwi yake kwa vizazi vingi kabla ya daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 2018 kuwapokea wasafiri wa Mahenge ambao zamani walitegemea kivuko. Jioni hutoka bajia, kachori, mihogo ya kukaanga, mishikaki, na chipsi zilizochanganywa na mayai. Penye stesheni nako, tangu reli ya TAZARA ilipojengwa baina ya miaka 1970 na 1975, wauzaji wa vyakula wamezoea kuizunguka treni ya abiria isimamapo, na biashara yao hufanyika kwa dakika chache kupitia madirishani.

Basi hebu tuyatazame majina ya vyakula hivyo. Chapati, bajia, kachori, achari: yote haya ni maneno yaliyovuka bahari kutoka Bara Hindi. Sambusa jina lake lina asili ya Kiajemi. Msafiri Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, baadaye alikwenda Delhi, akaandika habari za sambusa ya nyama iliyokaangwa kwa samli ikaletwa katika karamu ya Sultani. Leo sambusa hiyo huuzwa katika ndoo yenye mfuniko kando ya stendi ya mabasi, na anayeila si Sultani bali ni utingo. Twadhani imepanda cheo, haikushuka.

Majina hayo hayakuja kwa njia moja. Baadhi yaliletwa na majahazi ya pepo za kaskazi, kwa biashara ya karne nyingi. Mengine yalikuja na watu wa kazi. Baina ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta Afrika Mashariki wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, kwa mikataba, ili wajenge reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Wengi walirudi kwao, na elfu kadhaa wakabaki. Watu waliolala katika mahema, mbali na mama na wake zao, walihitaji chakula kipikwacho upesi juu ya chuma chenye moto, nacho ni mkate wa ngano usiohitaji tanuri. Wauza duka nao walipoingia bara walikuja na vyungu vyao. Mwafrika akaonja, akapenda, akapika, akaongeza lake. Leo hakuna mtoto wa Ifakara anayeiona chapati kuwa chakula cha kigeni, wala hana sababu ya kuiona hivyo.

Sasa na tuvuke bahari sisi wenyewe, twende Bombay. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba jiji hilo peke yake, bila vitongoji vyake, lilikuwa na watu zaidi ya milioni 12. Mtu wa Mlabani angeshtushwa na wingi huo, na kelele zake, na treni zilizojaa hadi milangoni. Lakini angesogea penye kikaango, angejikuta hayuko ugenini sana. Huko magharibi na kusini mwa Bara Hindi kuna chakula kiitwacho appe, na wengine hukiita paniyaram. Ni mchele ulioloweshwa pamoja na choroko, ukasagwa, ukaachwa uchachuke, kisha ukamiminwa katika kikaango chenye vishimo na kugeuzwa kwa kijiti. Je, huyu si ndugu wa kitumbua? Katika pwani ya Chowpatty angekuta bhelpuri, yaani bisi za mchele zilizochanganywa na vitunguu, viazi na ukwaju. Mchele mmoja, mapishi mengi.

Chakula kinachojulikana zaidi katika mitaa ya jiji hilo ni vada pav. Ni kitonge cha viazi vilivyopondwa kwa pilipili na binzari, kikachovywa katika unga wa dengu uliokorogwa, kikakaangwa, kisha kikatiwa ndani ya mkate mdogo. Msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar atasema mara moja kwamba kitonge hicho ni kachori. Naam, ni kile kile, ila sisi tulikichukua chakula na kukipa jina la chakula kingine, kwani kachori ya kwao ni unga uliojazwa viungo ndani. Mkate wenyewe, pav, jina lake limetokana na Kireno. Viazi na pilipili vilitoka bara la Amerika. Kwa hiyo hakuna taifa liwezalo kujitapa kwamba chakula hicho ni chake peke yake. Kilicho cha Bombay peke yake ni ile haja iliyokizaa.

Haja hiyo ilikuwa kazi. Kuanzia miaka ya 1850 Bombay ilijengwa viwanda vya pamba, na mamia ya maelfu ya watu wakatoka vijijini kuja kusokota na kufuma. Waliishi wengi katika chumba kimoja, wakaingia kazini kwa zamu, usiku na mchana, na mshahara wao ulikuwa mdogo. Mtu wa namna hiyo alitaka chakula cha bei nafuu, kinacholiwa kwa mkono mmoja, kinachoshibisha hadi king'ora kinachofuata. Husemwa kwamba vada pav ilianza kuuzwa mwaka 1966 nje ya stesheni ya Dadar, na muuzaji anayetajwa kuwa wa kwanza ni Ashok Vaidya. Hapakuwa na mahali pafaapo zaidi, maana watu wa viwandani walipita hapo kwenda na kurudi.

Mwezi wa Januari, 1982, wafanyakazi wapatao robo milioni wa viwanda hivyo waligoma, wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo ulidumu zaidi ya mwaka, na viwanda vingi havikufunguliwa tena kama vilivyokuwa. Watu waliokuwa wakinunua chakula cha njiani wakapoteza mshahara, na baadhi yao wakageukia kuuza vitu barabarani, chakula kikiwa miongoni mwa vitu hivyo. Hapo twajifunza jambo la maana. Barabara humlisha mfanyakazi akiwa na kazi, nayo humpokea akiwa hana.

Sisi pia tumelijua jambo hilo. Jina la mama ntilie, ambalo siku hizi tumelibadili kuwa mama lishe, lilitokana na sauti ya mteja mwenye njaa anayenyosha sahani na kusema nitilie. Katika miaka ya shida ya uchumi, mishahara iliposhindwa kufika mwisho wa mwezi, akina mama wengi waliingia barabarani na sufuria zao, na ada za shule za watoto wengi zililipwa kwa wali na maharage. Hata hivyo, mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu waliokuwa na shughuli ndogo mijini walikamatwa kana kwamba hawana kazi. Mwanamke anayeamka saa tisa usiku kuwasha moto akahesabiwa mvivu! Miaka 35 baadaye, mwaka 2018, Serikali ilitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 wengi wao wakaondolewa kando ya barabara za miji na kuelekezwa katika maeneo yaliyotengwa. Tuseme kweli: barabara yapaswa kupitika, na mfereji haufai kuzibwa na meza. Lakini mama lishe aliyepelekwa mahali pasipopita mtu hakuhamishwa, bali amefungiwa biashara kwa adabu.

Bara Hindi walilipigania swali hili mahakamani na bungeni kwa muda mrefu. Mwaka 2014 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwalinda wauzaji wa barabarani. Sheria hiyo yaagiza kila mji uwe na kamati ya biashara hiyo, na angalau asilimia 40 ya wajumbe wawe wauzaji wenyewe waliochaguliwa na wenzao, na theluthi ya hao wawe wanawake. Yasema pia kwamba muuzaji asiondolewe kabla ya hesabu ya wauzaji wote kufanywa. Utekelezaji wake umesuasua katika miji mingi, na Bombay yenyewe haikosi malalamiko. Walakini neno lililoandikwa humpa mnyonge mahali pa kusimama anapodai haki yake.

Sisi hatusemi kwamba Ifakara iige kila kitu cha Bombay. Twasema kwamba mji unaokua, wenye daraja, reli na mchele wa sifa, wapaswa kuwahesabu wapishi wake miongoni mwa wajenzi wake. Panapopangwa soko au stendi, mama lishe aulizwe kabla ya ramani kukamilika, si baada ya zege kumwagwa. Apewe kivuli, bomba la maji, choo na mahali pa kutupa taka, maana usafi hauwezi kudaiwa kwa mtu aliyenyimwa maji. Naye mama lishe ana wajibu wake: afunike chakula, anawe mikono, asirudie mafuta hadi yawe meusi, na ajiunge na wenzake ili sauti yao iwe moja.

Na wewe ndugu mlaji, unao wajibu pia. Ukila kwa mkopo, lipa siku uliyoahidi. Mama yule hana benki nyuma yake, na deni lako la leo ndilo mchele wake wa kesho. Yasikitisha kumwona mtu akilaumu ukubwa wa dunia kwa kuwanyonya wadogo, hali yeye mwenyewe amepita uchochoro wa pili kukwepa jicho la muuza vitumbua.

Usiku ukiingia Mlabani, makaa hufifia moja moja. Mama huosha kikaango chake, hupima mchele katika kopo, huutia maji na kuufunika. Huko Bombay, wakati huo huo au karibu yake, mwingine huloweka mchele wake na choroko. Hawajuani, wala hawatajuana. Lakini alfajiri ya kesho wote wawili wataamka kabla ya miji yao, ili miji hiyo ipate nguvu ya kwenda kazini.