Sambaza za meza nyeupe

Miaka mitatu iliyopita tulisherehekea tarehe 8 mwezi wa tatu katika restora moja kubwa ya Bukavu, kando ya ziwa Kivu. Sambaza zake zilikuwa kavu, zikivunjika vizuri mdomoni. Tulipogawana akiba ya kikundi, tulitoa kila mmoja dola 10, tukarudi.

Vitambaa vya meza bado ni vyeupe. Lakini sambaza zilikuja zimelegea, zinachuruzika mafuta. Tuliona haya, tukaanza kula kimya. Mwenzetu mmoja, muuza samaki wa Kadutu, alinusa akasema: “Hizi zililala.”

Yeye anajua: sambaza huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi zinafika sokoni. Alimwita mpishi kwa heshima. Mpishi alikubali kwamba zilikuwa za jana, zimekaangwa mara ya pili. Alituletea sahani zingine, na hizo zilikuwa zile tulizozikumbuka.

Dola 10 ni madaftari ya mtoto. Tutarudi, lakini mchana, na kabla ya kuagiza tutauliza: zimevuliwa lini? Kuuliza si kukosa adabu.