Betri ya Lithiamu na Klorini: Ugumu Uko Kwenye Kurudi

Betri za lithiamu na thionili kloridi si ngeni. Zilibuniwa miaka ya 1970. Hufungwa ndani ya dira za maji na gesi, zikatoa takriban volti 3.6 kwa miaka kumi na zaidi bila mtu kuzigusa. Zikiisha, zimeisha, hazichajiki. Ndiyo maana wanakemia walishtuka mwaka 2021, kundi la Profesa Hongjie Dai wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilipoonyesha katika jarida la Nature kwamba betri za ukoo huo, za sodiamu na za lithiamu, zinaweza kuchajiwa tena na tena.

Siri ilikuwa kaboni yenye vitundu vyembamba kupindukia, vya chini ya nanomita 2. Betri inapotumika mara ya kwanza, thionili kloridi huvunjika, na kloridi ya lithiamu, ambayo ni chumvi, huganda juu ya kaboni. Ukiichaji, sehemu ya chumvi hiyo huachana: lithiamu hurudi upande wake, klorini hubanwa vitunduni. Ukiitumia tena, klorini hupokea elektroni na kuwa chumvi upya.

Kwenda ni rahisi. Shida ni kurudi. Chumvi ile haipitishi umeme, kwa hiyo fuwele iliyo mbali na kaboni haipati njia ya kutoa elektroni zake. Chaja hulazimika kusukuma kwa volti kubwa zaidi, na ziada hiyo hupotea kama joto. Wakati huohuo klorini nyingine huponyoka vitunduni na kuyeyukia kwenye kimiminika, isipatikane inapohitajika. Kila mzunguko hupunguza kidogo kilichobaki.

Hapa ndipo kichocheo kinapoingia. Watafiti hupachika juu ya kaboni atomi mojamoja za metali, au hutumia vizimba vya molekuli vyenye nitrojeni. Sehemu hizo huishika klorini isitoroke, na hulegeza kifungo cha lithiamu na klorini ili chumvi ivunjike kwa msukumo mdogo. Lakini tusidanganyane: kichocheo hakiongezi nishati. Volti ya asili ya lithiamu na klorini, karibu 4, imewekwa na kemia yenyewe. Kinachopungua ni upotevu, na kasi ya kuchaji huongezeka.

Tena si kila kichocheo kitadumu humo. Klorini na thionili kloridi hula metali nyingi na kuzigeuza kloridi, na kichocheo kilichoyeyuka si kichocheo tena. Kwa maoni yangu, uimara huu ndio mtihani mkubwa kuliko kasi. Usalama nao haupuuziki: thionili kloridi ikikutana na maji hutoa gesi za asidi zinazochoma mapafu.

Kuna jambo moja ningependa msomaji alishike. Betri ya sodiamu ya Stanford ilitoa hadi miliampea-saa 1,200 kwa gramu kwa mizunguko zaidi ya 200, ilhali elektrodi chanya za betri za simu hutoa kati ya 150 na 200. Tofauti inavutia, ila gramu hiyo ni ya kaboni peke yake. Kimiminika, sodiamu na kasha havikupimwa. Ukisoma habari ya kichocheo kipya, uliza kwanza: gramu ya nini, na mizunguko mingapi?